Babu Niliyemchagua Ukutani

Tarehe 3 Juni, Jumatatu

Leo nimeokoa ukoo mzima kwa sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Posa ya binti wa marehemu kaka yangu. Kijana ni mfamasia, mpole, viatu safi. Hana mama. Amelelewa na shangazi yake, na huyo shangazi ndiye mlango. Akisema ndiyo, ndoa ipo. Akisema hapana, kijana hatamvuka, na binti yetu atalia mpaka tuhame nyumba. Muuguzi mkuu mstaafu huyo, mfupi, hatembei bila mwavuli hata jua likiwa la kupasua vigae. Moyoni nimempa jina: Bi Mwavuli.

Akanywa chai nusu kikombe. Akauliza sisi ni ukoo wa akina nani. Swali dogo, kwa sauti ndogo, lakini sebule nzima ilijikunja. Mjomba wa binti, mwalimu mstaafu, akavua miwani ili aseme ukweli. Mtu yule ana ugonjwa wa ukweli! Alitaka kusema babu yetu alikuwa fundi viatu, kona ya soko, amekalia debe. Nikamkata. Nikasema picha ya babu yetu imetundikwa Makumbusho ya Taifa.

Bi Mwavuli akamaliza chai yote.

Akasema vizuri sana. Yupo hapa mji mkuu wiki nzima, na siku nyingi anatamani kuona makumbusho, stesheni ya zamani, ngome, yote. Nani atamtembeza? Mimi. Nani mwingine? Mji huu naujua kama mfuko wa shati langu. Akasema basi tutaanza na huyo babu.

Wageni walipotoka, binti aliniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yanayotaka kufurika. Akaniomba, baba mdogo, safari hii tu usitie chumvi. Mjomba akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwambia hata ngoma ni tupu ndani, na watu wazima huicheza. Mimi shule niliiacha mwenyewe, haikuniacha. Ndiyo maana akili yangu haijachakaa.

Kuna tatizo moja dogo. Babu yetu hakupata kupigwa picha maisha yake yote.

Tarehe 4 Juni, Jumanne

Nimekwenda Makumbusho ya Taifa kutafuta babu.

Watu hudhani ni kazi rahisi. Si rahisi! Wenye majina hawafai, majina yao yameandikwa chini na wajukuu zao wapo. Mmoja alikuwa na tumbo ambalo ukoo wetu haujawahi kulimudu. Mwingine, nilipomkaribia, alikuwa mwanamke. Nimepita chumba cha vyungu, chumba cha ngoma, chumba cha vinyago ambavyo vyote vinakutazama usoni hata ukipita ubavuni. Sakafu imepigwa nta. Feni zinazunguka polepole bila kupunguza joto. Nyayo zangu zilikuwa zinasikika mara mbili, mara ya kwanza zangu, mara ya pili zikichelewa kidogo. Majengo ya zamani ndivyo yalivyo.

Chumba cha mwisho kabisa, picha kubwa ndani ya fremu nyeusi. Wanaume wengi juu ya ngazi za mawe. Kibao: "Wakazi wa mji. Majina hayajulikani." Hapo nikasema, haya ndiyo machimbo! Nikamwona. Amesimama pembeni kabisa, peke yake, kama mtu aliyealikwa kwa makosa. Kanzu nyeupe, kofia ya pama mkononi. Uso umefifia, kana kwamba alikuwa anageuka wakati picha inapigwa. Lakini pua! Pua ni ya kwetu.

Mlinzi wa chumba alikuwa amelala kwenye kigoda chake, mdomo wazi. Hakuna mtu mwingine. Sasa mimi nimelelewa. Huwezi kumfanya mtu babu yako bila kumwamkia. Nikavua kofia, nikasema shikamoo babu.

"Marahaba," ikasema sauti.

Nikamtazama mlinzi. Amelala. Udenda unashuka. Nikajiambia, tazama malezi ya mtu huyu, anaitikia salamu usingizini.

"Na wengine hawajambo?"

Hawajambo, nikajibu. Ni mazoea tu, mdomo ulijibu wenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba nina haraka. Sikukimbia. Mtu wa heshima yangu hakimbii. Nilitembea, ila kwa mwendo ambao mlinzi wa getini alinishikia mlango kwa kuhofia kioo.

Tarehe 5 Juni, Jumatano

Ziara kubwa. Bi Mwavuli, binti, mimi. Na Mjomba, ambaye hakualikwa, amekuja na kalamu mbili mfukoni kama anasahihisha mitihani.

Mlangoni walimnyang'anya Bi Mwavuli mwavuli wake. Akautoa kama mtu anayemwacha mtoto kwa jirani asiyemwamini. Nikaanza kazi. Kwenye ngoma kubwa nilieleza kwamba ikipigwa hapa, ng'ombe wa mji wa pili walikuwa wanasimama wima. Watalii wengine wakaanza kutufuata. Nikapaza sauti. Nikataja na mtaa ninaokaa, nyumba ya geti la kijani, kwa yeyote atakayehitaji kujua zaidi. Mjomba alikuwa anasoma vibao vyote kimoja kimoja na kutikisa kichwa.

Tukafika chumba cha mwisho. Nikanyoosha mkono pembeni mwa picha bila kutazama, kama mtu wa nyumbani.

Pembeni hapakuwa na mtu.

Moyo ulishuka mpaka kwenye soksi. Nikatazama vizuri. Yupo. Yupo katikati, safu ya pili, mabega yake yamewasukuma wengine wawili. Na uso haujafifia tena. Jana nilimwona vibaya. Mwanga wa jana ulikuwa mbaya, nimekubali hivyo na nimefunga mjadala.

Nikasema, babu huyo. Bi Mwavuli akasogea. Akamtazama, akanitazama mimi, akasema pua haifanani hata kidogo. Pua ndiyo ilikuwa mtaji wangu wote! Kisha akamtazama binti, akasema lakini macho, macho ni haya haya. Na kweli. Sijui nilikuwa naangalia wapi jana. Macho ni ya binti, hata lile la kushoto linalochelewa kucheka. Binti akajikumbatia, akauliza kama kuna dirisha limeachwa wazi. Chumba kile hakina dirisha.

Mjomba akaweka miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: majina hayajulikani. Akanigeukia. Alidhani amenishika. Nikamwambia hiyo ni heshima, wakubwa wa kweli hawatajwi ovyo. Nani anaandika "jua" chini ya jua? Bi Mwavuli akasema hilo ni neno.

Halafu akaiamkia picha. Kwa adabu, magoti yakipinda kidogo. Akanyamaza, kichwa upande, kama anavyosikilizwa mtu anayeongea kwa taratibu. Akaitikia kwa kichwa.

Nikauliza, kwa kicheko, babu kasemaje.

"Anasema mmekawia kuja kumwona."

Nikacheka tena. Mtu mwingine hakucheka. Tukatoka, akachukua mwavuli wake, akaukagua mbavu zote.

Tarehe 6 Juni, Alhamisi

Stesheni ya zamani. Siku hizi ni makumbusho ya reli. Nilijiambia leo kimya, babu abaki kule kule ukutani kwake, mimi nieleze injini tu. Injini zenyewe nzuri, nyeusi, baridi, zimelala ndani ya banda kama wanyama walioshiba. Madirisha ya tiketi yana vyuma, na nyuma ya vyuma giza. Harufu ya mafuta ya zamani.

Bi Mwavuli hapa aliruhusiwa kuingia na silaha yake. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa picha, akainua mwavuli, akagonga kioo.

Akasema, si babu yenu huyu?

Wafanyakazi wa reli, wamejipanga mbele ya injini ya kwanza. Na mbele yao, hatua kadhaa mbele yao, kanzu nyeupe, pama mkononi. Hakuna aliyemwalika! Mimi sikutamka neno! Amesimama karibu na kamera kiasi kwamba unaweza kuhesabu vifungo, na wale wafanyakazi nyuma yake hawaangalii kamera. Wanamwangalia yeye mgongoni.

Kisha mdomo, ambao haujawahi kuniangusha, ukaanza kazi. Nikasema ndiyo, alikuwa dereva wa kwanza wa gari moshi. Siku moja breki zilikatika mteremkoni, akatoka nje, akaizuia kwa bega. Nyayo zake zipo kwenye mawe ya reli mpaka leo, ila eneo hilo limefungwa. Bi Mwavuli akauliza bega gani. Nikasema yote mawili, kwa zamu.

Binti alinivuta nyuma ya behewa. Akaniuliza yule mzee ni nani. Nikasema ni babu. Akasema babu alishona viatu, wewe mwenyewe ulinisimulia nikiwa mdogo, sindano na nta, na hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Nikamwambia mtu anaweza kuwa na historia mbili, moja ya siku za kazi na moja ya wageni.

Hakutabasamu. Akasema jana, sisi wengine tulipokuwa tunatoka, alibaki nyuma kidogo, akamwamkia peke yake. Akaitikiwa. Kisha akaitwa kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni ambalo baba yake tu ndiye aliyekuwa akimwita. Shuleni hawalijui. Mchumba wake halijui. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Nikamwambia ni upepo kwenye mabomba. Majengo ya zamani yana mabomba mengi.

"Upepo wa mabomba haujui jina langu, baba mdogo."

Mtoto mbishi. Amefuata upande wa Mjomba.

Tarehe 7 Juni, Ijumaa

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Ratiba ilisema ngome kongwe, ambayo baadaye iligeuzwa gereza. Nikapiga simu mapema kusema ngome imefungwa kwa ajili ya popo. Bi Mwavuli akasema yupo tayari mbele ya lango la ngome, liko wazi, na hajaona popo.

Jua la saa sita, nje watu wanakimbilia vivuli. Ndani baridi ya kisimani. Kuta nene, vyumba vidogo, pete za chuma zimechomekwa kwenye mawe kwenye usawa wa kifundo cha mguu. Ukiongea, sauti yako inakwenda mbele yako na kukungojea kwenye kona. Chumba cha mwisho, ubao wa picha za wafungwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nikaingia wa kwanza, nikauegemea ubao kwa mgongo, nikatandaza mikono kama mtu anayepunga hewa, nikaanza hadithi ndefu ya popo aliyejua kusoma.

Bi Mwavuli alinisogeza kwa ncha ya mwavuli, kama pazia.

Alikuwepo. Bila pama. Safari hii ni kifua na uso tu, karibu hivi, kana kwamba ameinama kuchungulia dirishani kwetu. Pingu mikononi. Macho ya binti yetu.

Mjomba alisubiri muda huu tangu Jumatatu. Akasema, kwa hiyo dereva wa gari moshi alikuwa mwizi. Nikasema alifungwa kwa kusema ukweli! Mjomba akauliza ukweli upi. Nikasema mwingi. Lakini nilimwona Bi Mwavuli, uso wake umejifunga kama duka siku ya msiba. Akasema hawezi kumkabidhi kijana wake kwa watu ambao hawajui mzee wao alifungwa kwa nini. Jumapili pande mbili zinakutana kwetu, nyumba ya geti la kijani, kwa shemeji yangu, mama wa binti. Siku hiyo anataka mzee wa ukoo wetu asimame na kumweleza mtu huyu ni nani. Asipokuwepo, posa inarudi.

Nikasema nitasimama mimi.

"Wewe maneno yako ni mengi kuliko watu wako," akasema.

Binti alitoka nje bila kuniangalia. Nilimwona kwenye uwazi wa ukuta, ameketi juani, anafuta macho kwa kiganja. Nikawaacha watangulie. Nikarudi kwenye ule ubao peke yangu. Hasira! Nikamwambia, Mzee, nilikuweka makumbusho moja, yenye feni, mahali pa heshima. Nani alikuambia uje gerezani? Unamharibia mtoto ndoa. Kama una aibu njoo Jumapili useme mwenyewe. Na tusidanganyane, mimi sikujui, wewe hunijui, nilikuchagua kwa ajili ya pua tu, na hata pua yenyewe haikufaa!

Hakujibu. Nikaridhika. Mtu akiambiwa ukweli hunyamaza.

Nilipofika kwenye ujia nikasikia nyuma yangu kitu kama mnyororo unakunjwa na kuwekwa chini taratibu. Bila shaka lango.

Tarehe 8 Juni, Jumamosi

Mwanaume hakosi mpango. Nimepata mzee!

Ni fundi cherehani wa mtaa wetu, tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Ana mvi, ana kikohozi cha hekima, na hajulikani kwa wageni. Nimemvalisha koti langu la harusi. Nimemfundisha: wewe ni ndugu wa babu, mlilala jela pamoja kwa sababu mlikataa kumbeba mkubwa fulani kwenye kiti. Akauliza mkubwa gani. Nikasema usiulize, kohoa. Anakohoa vizuri mno. Tumefanya mazoezi mpaka mkewe akaleta maji.

Mchana nikapita Makumbusho ya Taifa, kuhakikisha tu kwamba mambo yametulia. Picha ya ngazi ipo. Yeye hayupo. Si katikati, si pembeni. Kuna ngazi tupu pale alipokuwa, na wale wanaume wengine wamegeuza vichwa wote upande mmoja, upande wa mlango, kama watu wanaomtazama mwenzao akiondoka.

Mlinzi wa chumba leo alikuwa macho. Akaniuliza, ni wewe ndugu yake yule mzee? Nikasema mzee yupi. Akasema yule wa kanzu, alipita asubuhi akiuliza njia ya mtaa wenye nyumba ya geti la kijani. Akamwelekeza. Akasema mzee mstaarabu sana, ila mikono yake ya baridi, na alipotoka hakupita kwenye kile chuma cha mlangoni kinachohesabu watu, maana hakikulia.

Nikamuuliza kama ametumwa na Mjomba. Akasema Mjomba gani. Wanafunzwa vizuri, watu wa Mjomba.

Tarehe 9 Juni, Jumapili

Nimekaa nje ya nyumba, karibu na viatu vya wageni, naandika.

Shemeji aliifagia nyumba mpaka sakafu ikaona haya. Viti vya kukodi, vitambaa vipya. Kabla wageni hawajafika, Sindano akatokea mlangoni, amevaa nguo zake, koti langu mkononi. Limekunjwa vizuri. Akasema samahani mzee mwenzangu, nimekutana na babu mmoja hapo njiani, amevaa pama, ameniambia nirudi zangu nyumbani, kazi ina mwenyewe. Nikasema kazi gani ina mwenyewe! Akasema hakubishana naye. Akasema hata wewe usingebishana naye kama ungeiona miguu yake. Nikauliza miguu imefanyaje. Akakohoa, akaenda. Hakikuwa kikohozi cha mazoezi.

Wageni wakaingia. Kijana, Bi Mwavuli, wazee wawili wa kwao. Salamu, viti, mito. Kila mtu alipotulia nikaona kwenye kiti cha pembeni, karibu na pazia, ameketi mzee. Kanzu nyeupe. Pama juu ya magoti. Upande wetu tulidhani ni wa kwao. Upande wao walidhani ni wa kwetu. Wote wakamwamkia, na yeye akaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kwa ile sauti. Sebule ikaanza kunuka mafuta ya injini na chumba kisicho na dirisha.

Shemeji akampa chai ya moto. Mvuke ulikatika palepale, kama taa iliyozimwa.

Nilitaka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mdomo ulikauka. Wazazi wangu wangeshangaa.

Bi Mwavuli alimtazama mzee kwa muda. Sidhani alidanganyika. Muuguzi wa miaka mingi ameona watu wakiingia na wakitoka. Aliuweka mwavuli sakafuni, akasema, Mzee, mimi nimeona picha zako, naomba kukuuliza bila kukukosea heshima. Je, unamjua binti huyu?

Mzee akamwita binti kwa jina la nyumbani. Sitaliandika. Akasema baba yake alikuwa anacheka kwanza, ndipo anasimulia kichekesho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukisikia mpaka mwisho. Shemeji akashika mdomo. Ni kweli. Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Akasema Mjomba ni mtu wa kweli, ila apunguze. Mjomba akavua miwani akaishika tu.

Ndipo Bi Mwavuli akauliza kuhusu gerezani.

"Walinikuta mjini, wakaniuliza mimi ni wa nani," akasema mzee. "Sikuwa na wa kumtaja. Asiye na watu hufungwa upesi, mama. Hata picha wanampiga bila kumuuliza jina. Sasa ninao watu. Nimekuja kumsimamia mjukuu wangu."

Binti akainuka, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Niliona anashtuka kwa ubaridi. Hakuiachia.

Bi Mwavuli akasema yatosha. Akasema aliyesimamiwa hivi hahitaji kuulizwa zaidi. Posa imekubaliwa! Kijana akafuta jasho. Shemeji akapiga kigelegele kilichokatikia njiani, maana hakujua kama kinafaa mbele ya yule mzee.

Na nani aliyeleta yote haya? Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani. Nikaanza kumshukuru babu yangu mpendwa, ambaye damu yake ndiyo hii. Bi Mwavuli akanyoosha mwavuli kwangu, akamuuliza mzee, na huyu je, ni nani wako?

Mzee akanigeuzia uso. Kwa karibu hauna mistari kama nyuso za watu, una vidoadoa vidogo, kama karatasi ya picha. Akanitazama sana. Alikuwa na nafasi ya kusema chochote.

"Huyu simjui."

Mjomba alikohoa. Kikohozi kifupi, cha mwalimu aliyeona jibu sahihi. Bi Mwavuli akauliza sasa wiki nzima nilikuwa nasemea ukoo wa nani. Mzee mmoja wa kwao akashauri, kwa upole, kwamba asiye wa ukoo hukaa na viatu mpaka mambo ya ukoo yaishe. Nikatafuta uso wa binti. Alikuwa amenionea huruma, na alikuwa anajizuia kucheka, yote kwa jicho lile la kushoto.

Basi nikatoka. Kiti changu cha mbele amekikalia Mjomba.

Baadaye nimeingia kuomba chai. Kiti cha pembeni kitupu. Upande wao walidhani sisi tumemsindikiza. Upande wetu tulidhani wao. Kikombe kimejaa mpaka juu, na juu yake kuna utando mwembamba wa vumbi, kama kimekaa pale miaka mingi.

Tarehe 11 Juni, Jumanne

Nimefikiri kwa makini. Nimegundua kosa.

Kosa lilikuwa kuchagua babu mdogo. Mtu wa safu ya pembeni, asiye na jina, kutwa anatafuta watu, lazima atakuwa na kinyongo. Mtu wa hadhi yangu alipaswa kuanzia juu. Mjomba sasa ndiye msemaji wa ukoo, na mimi katika harusi nimepewa maji na viti. Viti! Binti ameniambia kwa upole, baba mdogo, safari hii kaa tu, ule, ufurahi. Ni wivu wa Mjomba unaongea kupitia kinywa cha mtoto.

Asubuhi nilikwenda kwa mkodishaji viti. Kijeba mmoja hivi, akaniuliza kwa dharau mimi ni nani hasa katika harusi hii. Duka lake linatazamana na ule uwanja wa bunge la zamani, penye jenerali wa shaba juu ya farasi wake, upanga mkononi, jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Nikamwambia, unamwona yule? Kaka wa bibi yangu mzaa mama. Kijeba akafunga mdomo, akanipunguzia bei ya vitambaa.

Nikaona tusifanye mambo nusu. Nikavuka barabara, nikavua kofia, nikamwamkia jenerali kwa heshima zote. Nikamweleza harusi ni lini na geti ni la rangi gani. Nikamwambia na jina langu, nikalitamka mara mbili, asije naye akasema hanijui.

Wakati wa kurudi nikapita pale tena. Nina hakika farasi alikuwa ameinua mguu mmoja wa mbele. Sasa ameshusha, na ameinua ule mwingine. Na anatazama barabara ya kuja kwetu.

Nimemwambia shemeji aache nafasi uani, mbali na viti, na aweke ndoo ya maji. Ameniuliza ya nini. Nikamwambia farasi hunywa sana.